Kiungo wa miaka 16 na bwana wa dola 1,500

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, Lubumbashi: «Binti yangu ana miaka 16, yuko shule ya sekondari. Anacheza katikati, namba nane, katika timu ya wasichana, na Jumamosi anacheza na wavulana wa mtaani. Kocha wake anasema ana kipaji. Sasa kuna bwana amekuja nyumbani, anasema ana klabu huko Uturuki inayomtaka, nitoe dola 1,500 za viza na majaribio. Baba yake anasema kabumbu si kazi ya mwanamke. Mimi nasema kama ni kazi, tuifanye kama kazi. Je, ni kazi kweli? Na njia yake inapita wapi kutoka hapa kwetu?»

Mama, tuanze na huyo bwana, maana mengine yanaweza kungoja. Dola zako zibaki zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Kuna nafasi chache zilizoachwa: wazazi wenyewe wakihama kwa sababu zisizohusu mpira, uhamisho ndani ya eneo la Umoja wa Ulaya kwa walio kati ya 16 na 18, mtoto anayekaa karibu na mpaka na anayeendelea kulala kwao, na chache nyingine za aina hiyo. Binti yako haingii popote hapo. Kipushi ni mpakani, sawa, lakini ng'ambo ya Kipushi ni Zambia, si Uturuki.

Kwa hiyo bwana huyo ama hajui sheria, ama anaijua na ana njia ya pembeni: viza ya utalii, au kumwongezea mtoto miaka miwili. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi. Tarehe ya kuzaliwa ikishaingia kwenye leseni na kwenye pasipoti, inamfuata mchezaji maisha yake yote. Siku karatasi ya zamani yenye tarehe nyingine itakapotokea, anaonekana mwongo, hata kama uongo ulitungwa na mtu mzima akiwa yeye bado mtoto. Na viza ya utalii haimpi mtu haki ya kusaini mkataba. Wiki zikiisha, msichana yuko nchi ya watu bila klabu, bila tikiti ya kurudi, na aliyempeleka simu yake haipatikani.

Mambo ya kweli yana sura nyingine. Klabu inayomtaka mchezaji huandika kwa klabu yake, kwa barua yenye nembo, na kabla ya hapo imekwisha kuomba filamu za mechi. Ikimwita kwa majaribio, tikiti na malazi kwa kawaida ni juu yake. Namba ya simu ya klabu itafute wewe mwenyewe kwenye ukurasa rasmi wa klabu, usipige ile uliyopewa na mleta habari. Wakala naye lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani. Mwombe jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha litafute kwenye orodha ya mawakala iliyo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Halipo? Mazungumzo yameisha. Isitoshe, wakala haruhusiwi kumfuata mchezaji mdogo mpaka ibaki miezi sita au pungufu kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, tena kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi. Anayeingia uani na kuomba pesa bila karatasi hiyo amevunja kanuni kabla hajamaliza maji aliyopewa.

Sasa swali la baba. Ni kazi. Lakini ni kazi yenye tofauti kubwa sana kati ya wachache walio juu na wengi walio chini. Ripoti ya FIFA iliyotoka 2025 ilionyesha kwamba wastani wa mshahara wa mchezaji mwanamke katika klabu zilizochunguzwa duniani ni karibu dola 10,900 kwa mwaka, na wastani huo umevutwa juu na klabu chache tajiri. Wachezaji wengi wana kazi ya pili au wanasoma. Klabu ikishinda kombe, zawadi ni ya klabu kwanza: bingwa wa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika mwaka 2024 alipangiwa dola 600,000, lakini mchezaji hupata kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba wake au kilichokubaliwa kabla. Ndiyo maana neno bonasi, lisipoandikwa kwa namba, ni maneno matupu.

Kwa nafasi anayocheza binti yako, kuna jambo moja la kufariji na moja la kuvumilia. La kufariji: kiungo, au milie kama tunavyosema hapa, hazeeki haraka. Mshambuliaji anayeishi kwa mbio hupoteza chakula chake akipoteza mbio. Kiungo anaishi kwa kusoma mchezo, na kusoma huko hukua na umri. Formiga wa Brazil, kiungo, alicheza Kombe la Dunia mara saba, kuanzia 1995 hadi 2019, na alikuwa Paris Saint-Germain akiwa amepita miaka 40. Tena Mpira wa Dhahabu (Ballon d'Or) wa wanawake, kuanzia 2021 hadi 2025, ulikwenda kwa viungo tu: Alexia Putellas mara mbili, Aitana Bonmatí mara tatu.

La kuvumilia: kiungo huonekana kwa kuchelewa. Mshambuliaji akifunga mabao matatu siku moja, jioni hiyohiyo watu wanauliza jina lake. Kiungo mzuri anaweza kucheza mechi nzima vizuri na mtazamaji wa kawaida asikumbuke chochote. Anayemtafuta kiungo humtazama mechi tano, sita, akiangalia anavyorudia. Kwa hiyo miaka miwili iliyobaki kabla ya 18 si ya kungoja. Ndiyo inayomtengeneza.

Mfano wa karibu na nyumbani ni Grace Geyoro, kiungo aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1997. Alipelekwa Ufaransa akiwa mdogo sana, akakulia huko kimpira, akaanza kuchezea timu ya taifa ya Ufaransa mwaka 2017. Kwenye Euro ya 2022 aliifunga Italia mabao matatu katika kipindi cha kwanza. Baada ya zaidi ya miaka kumi Paris Saint-Germain, alihamia London City Lionesses mwaka 2025 kwa fedha zilizotajwa kuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kulipwa kwa mchezaji mwanamke. Angalia lakini: sisi wa hapa tunaweza kujivunia mahali alipozaliwa tu. Kazi ya kumfundisha ilifanywa kwingine.

Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanyika Lubumbashi yenyewe, na miaka kumi iliyopita isingekuwa rahisi kuandika sentensi hii. Wasichana wa TP Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwezi wa Novemba 2024 huko Morocco, kwa kuifunga AS FAR ya hukohuko 1-0, na mwalimu wao, Lamia Boumehdi, akawa kocha bora wa mwaka wa CAF, shirikisho la kabumbu la Afrika, upande wa wanawake. Timu ya taifa nayo, iliyokuwa ya tatu Afrika mwaka 1998, ilirudi kwenye Kombe la Afrika Julai 2025 baada ya kukosekana tangu 2012. Ilitoka kwenye makundi, lakini macho ya watu wa nje yaliwaona wachezaji wetu. Kwa msichana wa Katuba, ngazi ya kwanza haiko Istanbul. Iko Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, au katika klabu yoyote ya ligi ya wanawake ya FECOFA, shirikisho la kabumbu la Congo, inayompa leseni na mechi za kila wiki. Akifika 18 na mechi za kutosha mguuni, nchi kama Tanzania na Morocco zina ligi zinazosajili wageni, na kwa Tanzania lugha haitamsumbua siku hata moja. Kutoka huko ndiko Ulaya huwa karibu zaidi, kwa sababu mechi zinarekodiwa.

Tuje kwenye ufundi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasichana wengi wa kwetu wenye kipaji wanaachwa nyuma kwa kitu kimoja: wanautazama mpira mno. Si kosa lao. Viwanja vyetu ni udongo mwekundu wenye mawe na mashimo. Mpira unaweza kuruka popote, na mtoto aliyekulia hapo anajifunza kwamba ukiondoa jicho kwenye mpira unapoteza. Tabia hiyo inamlinda mtaani na kumwangusha kwenye nyasi nzuri, ambako mpinzani yuko mgongoni mwake kabla hajainua kichwa.

Chukua pasi moja tu. Beki wa kati ana mpira. Binti yako yuko mita 12 mbele yake, ameupa mgongo upande anaotaka kwenda. Beki anausukuma mpira kidogo mbele ili aupige: kati ya mguso huo na pasi kuna karibu sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo mpira haubadiliki. Hapo ndipo kiungo anageuza kichwa, bega la kulia, bega la kushoto, kisha anarudisha macho. Anatakiwa kuona mambo mawili: adui aliye karibu yuko umbali gani, na nafasi iko upande upi. Mpira ukiwa njiani anaweza kutupa jicho mara ya pili, fupi. Unapofika, mwili wake uko nusu wazi, kiuno kimeelekea ubavuni na si kwa aliyepiga pasi, na anaupokea kwa mguu wa mbali, ule ulio upande wa pili wa mpira unakotoka. Mguso mmoja na tayari ametazama mbele. Akiupokea kwa mguu wa karibu, amejifunga mwenyewe; anabaki na pasi moja tu, ya kurudi alikotoka.

Hili linafundishika, tena bila gharama. Wanahitajika watatu, mpira mmoja na sakafu ya saruji, mfano kiwanja cha basketi cha shule au cha parokia. Sakafu ngumu inampa uhakika wa mpira ili macho yawe huru. Mmoja anapiga pasi kutoka mita 10. Wa tatu anasimama nyuma ya binti yako, mita 8 hivi, na mara tu mpigaji anapovuta mguu nyuma, anainua vidole: viwili, vinne, vitano. Binti ageuke, aone, arudi, na ataje namba kabla mpira haujamgusa mguu. Pasi 20, apumzike dakika mbili, mara tatu. Mara mbili kwa wiki inatosha. Akipata 18 kati ya 20 bila kukosa kudhibiti, ongeza ugumu: namba shufwa ageukie kushoto, witiri ageukie kulia. Baada ya wiki nne au tano, zoezi lilelile lihamie kwenye udongo. Mwanzoni litaharibika, ndiyo kazi yake.

Yanayokosewa ni matatu. La kwanza, anageuka mpira ukiwa umeshapigwa, kwa hiyo anachelewa kurudi na mpira unampita. Mwambie afuate mguu wa mpigaji, si mpira. La pili, anapogeuza kichwa miguu inasimama. Kiungo anayesimama wima kama mlingoti hawezi kurekebisha hatua, kwa hiyo adunde kidogo kwenye vidole muda wote. La tatu, anataja namba sahihi lakini mpira unakwama chini ya tumbo, kwa sababu amepokea kwa mguu wa karibu. Kwenye saruji hakuna kuruka wala kuteleza: ni kwa ajili ya macho na mguso, magoti tuyatunze.

Mguu wa kushoto dakika kumi kila siku ukutani, mita 5, mguso mmoja wa kudhibiti na mmoja wa kupiga. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, ni uvumilivu tu.

Pumzi. Kiungo wa kike wa kiwango cha juu hukimbia karibu kilomita 10 hadi 11 kwa mechi, na watu wakisikia hivyo huwatuma watoto wakimbie kilomita kumi barabarani alfajiri. Ni kazi bure. Zile kilomita za mechi zimekatwakatwa: anakimbia, anasimama, anarudi nyuma, anageuka, kila baada ya sekunde chache. Afadhali sekunde 15 za mbio kali na 15 za kupumzika, kwa dakika 8. Apumzike dakika 3. Arudie dakika 8. Kwa msichana wa umri wake, weka alama mbili zenye umbali wa mita 65. Akifika kabla ya muda, ongeza mita 3. Mara moja kwa wiki wakati wa ligi, mara mbili kabla ligi haijaanza. Na jumla ya saa za michezo kwa wiki isizidi umri wake: saa 16, mechi zikiwemo. Hapa ndipo hao wavulana wa Jumamosi wanapohitaji kuangaliwa. Kucheza na wavulana kunamfundisha kuamua haraka, ni kuzuri; lakini mechi ya shule Ijumaa, wavulana Jumamosi na ligi Jumapili ni mechi tatu kwa siku tatu, na goti ndilo litakalolipa.

Goti, Mama, ndilo linalomaliza kazi za wanawake wengi kwenye mpira. Ndani ya goti kuna kano ya mbele ya msalaba, inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Kwa wanawake hukatika mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na mara nyingi hakuna aliyemgusa: anatua au anageuka, goti linaingia ndani, linasikika «pa!», na jioni limevimba. Putellas mwenyewe ilimkatika Julai 2022, Euro ikiwa inaanza kesho yake, na alirudi uwanjani mwaka uliofuata. Kurudi kabla ya miezi tisa ni kutafuta kukatika mara ya pili. Hapa kwetu upasuaji huo ni ghali na mazoezi ya kurudisha nguvu ni shida kuyapata, kwa hiyo kinga ndiyo dawa yetu.

Kinga ipo na ni ya bure: mazoezi ya kupasha moto ya FIFA yanayoitwa 11+. Ni dakika 20 kabla ya mazoezi: dakika 8 za mbio za taratibu zenye kufungua nyonga na kugusana mabega, dakika 10 za nguvu, usawa na kuruka, dakika 2 za mbio kali zenye kubadili mwelekeo. Yalipojaribiwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 huko Norway, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Yanahitaji angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Kocha anayeyafanya wiki mbili kisha akayaacha hajafanya kitu. Sehemu inayorukwa sana ni ile ya misuli ya nyuma ya paja: msichana anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka mpaka ashindwe, anajidaka kwa mikono. Mwanzo mara 3 hadi 5 tu. Baada ya miezi, 12 hadi 15. Siku mbili za kwanza mapaja yatauma, asiogope. Kwenye kuruka, simama mbele yake utazame: akitua, goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Likikimbilia ndani kuelekea goti la pili, arudie chini zaidi na polepole. Hilo hata wewe unaweza kulisimamia uani bila diploma yoyote.

Na viatu. Kiangazi udongo wetu unakuwa kama tofali. Viatu vya krampo (meno) ndefu havizami, vinakamata, na mguu ukigeuka goti linabaki. Msimu huo avae vile vyenye meno mengi mafupi. Ndefu zingoje mvua.

Chakula kinahitaji jambo moja tu kutiliwa mkazo, nalo ni damu. Msichana anayetokwa na hedhi, anayetoka jasho kila siku, katika mji wenye malaria, anaishiwa chuma bila kujua. Dalili kwa kiungo ni hii: dakika ya 60 miguu inakuwa mizito na kocha anasema amekuwa mvivu. Kabla ya kumgombeza, apimwe damu. Kwa umri wake hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na vidonge vya chuma viandikwe na daktari baada ya kipimo, si kununuliwa kwa kubahatisha. Sombe (majani ya muhogo) ina chuma, lakini kile cha majani huingia mwilini kwa shida. Ndimu, pera au chungwa kwenye mlo huohuo husaidia kuingia, na chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia. Chai ingoje saa moja. Fretin, wale samaki wadogo wakavu, waliwe wazima, nyama hata kidogo mara mbili tatu kwa wiki, maharagi. Bukari (ugali) asinyimwe, kuna makocha wanaowaambia wasichana wapunguze kula ili wawe wepesi, halafu hedhi inakatika miezi mitatu na watu wanafurahi. Hedhi ikikatika kwa mchezaji ambaye hana mimba, kwa kawaida mwili unasema chakula hakitoshi kazi, na mifupa ndiyo inayofuata kudhoofika. Aende kwa daktari.

Mkataba utakapokuja, soma vitu vichache hivi kabla ya vingine vyote. Akiwa bado chini ya 18, FIFA haikubali mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya daktari au kupata kibali cha kazi: klabu ipime kwanza, isaini baadaye. Sentensi ya namna hiyo ukiiona, irudishwe ifutwe. Mshahara uandikwe kwa kiasi, kwa sarafu gani, na tarehe ya mwezi. Tarehe ina maana kubwa, kwa sababu klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia ikiwa na siku 15 za kulipa, na zikipita ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Bila barua hiyo akiondoka tu, yeye ndiye mkosaji. Atunze nakala na uthibitisho kwamba barua ilipokelewa.

Uzazi nao una kanuni tangu 2021: likizo ya wiki 14 angalau, ambazo 8 ni baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara, na klabu haiwezi kumfukuza kwa sababu ya mimba. Mwambie baba yake hilo. Huenda ndilo lililo nyuma ya maneno yake.

Mkataba na wakala usizidi miaka miwili. Na klabu ya mtaani ikikuambia ulipe gharama za kumlea mchezaji ndipo wamwachie kwenda nje, jua kwamba fidia ya mafunzo ya FIFA haihusu mpira wa wanawake. Klabu hiyo ina haki nyingine, nayo haitoki mfukoni mwako: uhamisho wa kimataifa ukilipiwa, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, na klabu mpya ndiyo inayoitoa. Ndiyo maana ni faida ya kocha wake, si yako tu, kumwandikishia leseni msimu kwa msimu. Asiye na leseni, kwenye hesabu hizo hakuwepo.

Shule asiache kabla ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Sisemi kama mzazi, nasema kama hesabu: kwa wastani ule wa dola 10,900, diploma ndiyo kazi ya pili itakayombeba, na njia ya vyuo vikuu vya Marekani, inayolipa masomo ya wachezaji wengi wanawake, haifunguki bila hiyo.

Kuanzia sasa mechi zake zirekodiwe. Simu inatosha, lakini iwekwe juu, kwenye jukwaa au juu ya ukuta, katikati ya uwanja, na ichukue uwanja kwa upana. Kosa la kawaida ni kuufuata mpira kwa karibu: kiungo anahukumiwa kwa aliyoyafanya kabla mpira haujafika, na picha ya karibu inayakata yote hayo. Filamu fupi iwe ya dakika nne au tano, kila tukio lianze sekunde tano kabla ya pasi, mshale umwonyeshe mara moja mwanzoni, hakuna muziki. Iwemo mipira aliyoipoteza na namna alivyokimbia kuirudisha. Skauti anatafuta hilo kuliko chenga. Na mechi mbili kamili zisizokatwa ziwe tayari, kwa sababu akipenda filamu fupi, swali lake la pili litakuwa hilo.

Mwisho karatasi. Kwetu mtu ana jina, postnomu na prenomu, na kila ofisi inaziandika kwa mpangilio wake. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, buletini ya shule na leseni ya mpira, uvisome herufi kwa herufi pamoja na tarehe. Kama hakuandikishwa alipozaliwa, anza na hukumu ya mahakama inayosimama badala ya cheti, kisha ndiyo pasipoti ifuate. Herufi moja ikionekana imepotea leo, leseni inasahihishwa kwa barua ya klabu. Ikionekana siku klabu ya nje inaingiza jina lake kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA, dirisha la usajili linaweza kufungwa karatasi ikiwa bado njiani kutoka Kinshasa.